Kwa aliyeuliza kuhusu kwenda kaskazini ya mbali kabisa: mie nimefika Utqiaġvik, Alaska, na haya ndo niliyoyaona

Ndugu yangu, swali lako nimeliona limekaa siku tatu watu wanakujibu "utaganda" na "kule wanakula nyama mbichi" basi, nikaona leo sina zamu nikae nikujibu vizuri. Kwa ambao hawajaliona, jamaa yuko Marekani, mwakani ana likizo ya wiki mbili, anataka afike jamii ya mbali kabisa kaskazini ambako watu bado wanajilisha kwa kuwinda na kuvua, anauliza wageni wanapokelewa au la, gharama ikoje na ajiandae vipi.

Wanapokelewa. Lakini inategemea unaendaje na unaenda kufanya nini, na hapo ndo jibu langu linakuwa refu, mnivumilie.

Mie mtu wa Kojani, Pemba. Baba alikuwa nahodha na nimekulia kwenye habari za dago, yaani wanaume wanaondoka wanahamia kambi za mbali kuvua, mnahesabu siku mpaka muone tanga. Saa hizi niko Anchorage, nafanya kazi kwenye nyumba ya kuhudumia wazee. Kazini nina dada mmoja mwenyeji wa Utqiaġvik, Iñupiaq kwa kabila (wenyeji wa asili wa kule, wakiwa wengi wanaitwa Iñupiat), na kila chakula cha mchana ana kibakuli chake kina vipande vyeusi vyenye weupe kwa chini, anavikata vidogo vidogo anatia chumvi. Siku moja nikamuuliza ni nini akaniambia ni nyangumi, maktak, ngozi na mafuta yake. Nikamwambia na sie kwetu bahari ndo shamba, nikamweleza dago, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, "mkirudi mnagawaje?" Basi nikamweleza, kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha, la mabaharia, na yule aliyekuja pwani kusaidia kuvuta chombo harudi mikono mitupu, anapewa kitoweo. Akanyamaza kidogo akasema ami yake kapata nyangumi mwezi ule, kwa hiyo Juni watafanya sherehe, nije nione wao wanavyogawa. Hiyo ilikuwa Mei 2019 na ndo nilivyoenda. Sikwenda na wakala wa utalii, kwa hiyo ukiniuliza kampuni gani nzuri sitokuwa na la kukwambia.

Utqiaġvik zamani ikiitwa Barrow, watu wa mji walipiga kura 2016 kurudisha jina la asili, jina likashinda kwa kura 381 dhidi ya 375, kura sita tu jamani. Ndo mji wa kaskazini kuliko yote Marekani, kama kilomita 515 juu ya duara la Aktiki, watu kiasi cha 5,000, wengi wao Iñupiat. Barabara ya kufika hakuna kabisa. Toka Anchorage ni ndege, vitu vizito vinakuja kwa tishari kipindi cha kiangazi barafu ikiondoka. Mie tiketi kwenda na kurudi nililipa juu ya dola 400 na nilikata mapema, hoteli ni chache na chumba kinazidi dola 200 kwa usiku, ila mie nililala kwa mama yake yule dada. Galoni ya maziwa dukani nililipa zaidi ya dola 10. Weka hiyo bei kichwani maana nitairudia.

Nikashuka nikijua Juni ni kiangazi, nikakuta upepo wa baharini unapita kwenye jaketi kama hukuvaa kitu, joto digrii mbili tatu tu, na bahari yenyewe mbele ya mji bado ina barafu nyeupe mpaka jicho linaishia. Barabara zote za changarawe, nyumba zimenyanyuliwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi chini imeganda mwaka mzima, ukijenga chini kabisa joto la nyumba linaiyeyusha nyumba inakwenda upande. Ugani kwa watu unakuta pikipiki za theluji, boti, ngozi imetandazwa kwenye fremu inakauka, pembe za kulungu wale wa baridi wanaoitwa karibuu, na pembeni antena ya intaneti. Wale wanaouliza kama wanaishi kwenye nyumba za barafu jamani waache. Kuna skuli, hospitali, chuo, na gesi ya kupashia nyumba moto inatoka kwenye visima vyao wenyewe hapo hapo. Hela nyingi za hivyo vitu zimetokana na kodi ya mafuta ya petroli yanayochimbwa Prudhoe Bay, huko huko kaskazini ya Alaska, walianzisha serikali yao ya mitaa 1972 wakawa wanayatoza makampuni, na kuhusu mafuta wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani, mgeni usijitie humo.

Jua halichwi. Toka kama tarehe 10 Mei mpaka mwanzo wa Agosti linazunguka tu juu kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, na majira ya baridi kinyume chake, toka katikati ya Novemba mpaka karibu tarehe 22 Januari halichomozi. Sie Waswahili tunaohesabu saa toka jua lichomoze na toka lichwe, kule saa moja yako inaanzia wapi? Nilitoka nje saa saba ya usiku nikakuta watoto wanaendesha baiskeli. Kwa Waislamu mtakaouliza, mie nilisali kwa nyakati za Anchorage, na nilimuuliza mwalimu wangu wa madrasa kabla sijaondoka akanambia hilo halina neno.

Sasa nyangumi.

Mjue kwanza huwa hawendi kuvua vile mnavyodhani, meli kubwa na mzinga. Mwezi Aprili na Mei nyangumi wanapita kwenda mashariki kwa kufuata ufa wa maji ulioko katikati ya barafu iliyoshikana na pwani na barafu inayotembea. Watu wanachonga njia juu ya barafu kwa mashoka, kilomita kadhaa, wanapiga kambi ukingoni mwa maji, wanakaa kimya wanangoja. Nilivyoelezwa hivyo nikamwambia mzee wa nyumba ile "hilo ni dago" na nikamfasiria neno, akalirudia mara mbili tatu akalipenda. Chombo wanachotumia masika ni umiaq, fremu ya mbao imevikwa ngozi za sili mkubwa mwenye ndevu, ugruk wanamwita, imeshonwa kwa kano za karibuu. Wanapendelea hicho kwa kuwa ni kimya majini na chepesi kukivuta juu ya barafu. Mie nilipoona ile mishono nilikaa chini kabisa nikaitizama. Wazee wetu walikuwa na mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba za nazi bila msumari, sie wa leo tumebaki kuuona makumbusho tu, na hapa nimesimama mbele ya chombo cha kushonwa ambacho mwezi uliopita kimetoka baharini. Wanaoshona ni wanawake. Mama mwenye nyumba, mie nilimwita bibi na yeye akawa ananiita mwanangu, alinionesha kwa kipande cha ngozi namna sindano inavyoingia nusu ya unene wa ngozi tu haitokezi upande wa pili, halafu ngozi nyengine inalazwa juu inashonwa vile vile kwa ndani, kwa hivyo maji hayana tundu la kupita. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi lakini hakosei. Akanambia chombo kimoja kinachukua ngozi kadhaa na wanawake wanakaa pamoja wanaimaliza kwa haraka kabla ngozi haijakauka.

Nahodha anaitwa umialik, na mkewe ana cheo sawa na chake, hilo wanalisema bila kutania. Wanaamini nyangumi anajitoa mwenyewe kwa watu wakarimu, wasiogombana, wenye ghala safi. Ghala lao ni shimo lililochimbwa chini kwenye ile ardhi iliyoganda, unashuka kwa ngazi, ndo friza la karne na karne, na kabla ya msimu wanalisafisha wanatia theluji mpya ili nyangumi akija akute mahali pazuri pa kulala. Mie niliteremka kwenye la familia ile. Kuta zake zinameremeta barafu kama chumvi, harufu nzito ya mafuta, na zile nyama zimepangwa. Sehemu moja ya sakafu ilikuwa na maji. Mzee akaimulika kwa tochi, akasema utoto wake hakuwahi kuona maji humu, akazima tochi tukapanda juu. Mabadiliko ya hali ya hewa kule si habari ya mikutano. Mwaka 2017 joto la pale lilipanda kwa kasi mpaka programu ya kompyuta ya wataalamu wa hali ya hewa ya Marekani ikadhani kipimo kimeharibika, ikaziondoa takwimu zenyewe kwenye ripoti.

Akipigwa chusa na akapatikana, nyangumi mmoja anaweza kufika tani hamsini, mji mzima unaitwa kwenye redio, watu wanakuja na pikipiki zao wanamvuta juu ya barafu kwa kamba na gofia, ndio gofia zile zile za kupandishia tanga ila kubwa, watu makumi kwa makumi kwenye kamba moja. Halafu wanagawa. Kuna sehemu ya kiunoni inaitwa tavsi, ni ya nahodha, lakini haimo ghalani kwake, inapikwa nyumbani kwake na mtu yeyote wa mji anakuja kula. Kuna mafungu ya mabaharia wake, kuna mafungu ya vyombo vyengine vilivyokuja kusaidia, na sehemu ya mkiani inawekwa kwa ajili ya sherehe ya Juni na kugawiwa tena siku ya Shukrani na Krismasi kanisani. Kuuza nyama hairuhusiwi, sheria inakataza, na hata isingekataza nilivyowaona mtu angeona haya. Sasa rudi kwenye ile galoni ya maziwa ya dola 10. Mtu akinambia hawa wanawinda kwa kuwa ni mila tu na wangeweza kununua kuku dukani, namuuliza kuku wa bei gani, na nani atamgawia jirani kuku.

Sherehe yenyewe inaitwa Nalukataq. Nilifika uwanjani kama saa sita mchana, wameweka ukuta wa turubai na mbao kukinga upepo kwa umbo la nusu duara, watu wamekaa chini na kwenye viti vya kukunja kifamilia, kila familia ina vyombo vyake, masufuria, vikombe, chupa za chai, mifuko ya zipu na madeli. Bibi alinikabidhi sufuria na kijiko, akanambia ulicholetewa pokea, usikatae na usiombe. Ikasomwa dua, wengi wao ni Wakristo, halafu wale mabaharia na wake zao na vijana wakaanza kupita na ndoo. Kwanza supu ya bata bukini na mikate, chai. Baadae mikigaq, yaani nyama ya nyangumi na mafuta na ulimi vimechachushwa kwenye damu yake siku kadhaa, tamu yenye ukali, mie nilikula vijiko vitatu nikatosheka, bibi alimalizia langu kwa furaha zote. Baadae supu ya karibuu. Jioni, kama kuna jioni, ikaja maktak na nyama ya kuganda, na hapo ndo madeli yakafunguliwa.

Maktak ngoja niwaeleze maana kila mtu ananiuliza. Kipande kina ngozi nyeusi nene kama upana wa kidole gumba, chini yake mafuta ya rangi ya waridi hafifu. Bibi alikata kwa ulu, kile kisu cha wanawake chenye umbo la mwezi mchanga kipini juu, anakipitisha kwenda mbele kinyume na sie tunavyokata, vipande vyembamba vya kutosha mdomo. Ukikitafuna kwanza kinakataa, kigumu kidogo, halafu kinaachia utamu kama nyama ya nazi iliyokomaa uliyotia chumvi. Nazi kabisa. Mara ya kwanza nilifumba macho nikajiona niko jikoni kwetu mama anakuna nazi. Na ndugu Waislamu, kwetu Mashafi kilichomo baharini ni halali, na wengi mnakijua kisa cha jeshi la Abu Ubayda radhiallahu anhu walipokuta samaki anbar ametupwa pwani wakala siku nyingi, na Mtume rehma na amani zimfikie akaulizia kama kimebaki akala. Kwa hiyo mie nilikula kwa moyo mkunjufu.

Kilichonishika sana si ladha ila namna ya kugawa. Walikuwa wanapita mstari kwa mstari, wazee wanaanzwa, mgeni na mwenyeji wote wanapata. Mbele yangu alikaa mama wa Kifilipino mwenye watoto wawili, nyuma yangu kijana Mtonga, kule wafanyakazi wageni ni wengi, na ndoo ilisimama kwa kila mmoja. Yule anayegawa alikuwa ndo nahodha mwenyewe, mtu mzima, mikono imejaa mafuta mpaka viwikoni, anainama kwa kila mtu anatia kwenye sufuria, mtu anasema "quyanaq", ahsante, naye anakwenda kwa mwengine. Masaa yote yale, sikumuona akikaa chini. Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na siku ile nilimuona mwenyeji anayejiona amepona kwa kuwa kuna watu wa kuwapa.

Wanawake wamevaa atikluk, vazi la kitambaa cha maua chenye kofia na mfuko mkubwa mbele, na familia ya nahodha wote wamevaa kitambaa cha aina moja kama sie tunavyovaa sare za kanga harusini. Kitambaa hicho cha pamba kiliwafikia kwa wafanyabiashara na wavuvi wa nyangumi wa Kimarekani karne ya 19, na ni watu wa pwani ile ile ya Massachusetts waliokuwa wakileta kitambaa cha merikani Unguja kubadilisha na pembe za ndovu. Iñupiat wao walibadilisha kwa mabamba ya mdomoni mwa nyangumi, yaliyokuwa yakitiwa kwenye makoseti, zile nguo za kubana kiuno, za wanawake wa Ulaya na Marekani. Meli za hao Wamarekani zilivuka mlango wa bahari wa Bering 1848 na kwa miaka kama 60 waliua nyangumi mpaka wakakaribia kumalizika, na waliacha surua na mafua makali yaliyozoa watu. Lazima ulijue hili, maana baadae dunia ilipokuja kusema nyangumi wanaisha, walioambiwa waache ni hawa.

Ndo hivyo, 1977 kamisheni ya kimataifa ya nyangumi iliwafungia kabisa, hata mmoja wasipate. Wataalamu walikuwa wanahesabu kwa macho wakiwa ukingoni mwa barafu, wanasema waliobaki labda ni mia sita mpaka elfu mbili. Wawindaji wakasema hapana, nyangumi huyu haogopi barafu, wengi wanapita chini yake na mbali ambako hamuoni. Wakaunda tume yao mwaka ule ule, na mzee mmoja nahodha, Harry Brower Sr., akakaa na mtaalamu aliyeletwa akamfundisha alichokijua kwa miaka. Serikali yao ya mitaa ikatoa hela, zikatiwa maikrofoni chini ya maji, zikarushwa ndege, na hesabu ikaja kama walivyosema wazee. Hesabu ya 2011 ilionesha zaidi ya nyangumi 16,000. Leo vijiji 11 vinawinda kwa mgao na wenyewe ndo wanaousimamia. Mie nilisimuliwa haya mezani kwa bibi na kila aliyekuwepo alikuwa anaongezea chake, hata mtoto wa skuli ya msingi aliijua.

Na kabla ya hapo kuna ya bata. Mkataba wa zamani ulikataza kuwinda bata toka Machi mpaka Septemba, uliandikwa na watu wa kusini, na kule bata wanakuwepo miezi hiyo hiyo tu, ikija Septemba wameshaondoka. Mwaka 1961 askari wa wanyama akawakamata watu wawili. Baadae wakaja watu 138 kwenye ukumbi, kila mmoja na bata wake mkononi, wakamwambia nasi tukamate. Akashindwa aanzie wapi. Bibi alikuwa binti wakati huo, anakumbuka baba yake alivyotoka nyumbani na bata amemshika miguu. Aliponisimulia aliinua mkono hivi kama anamshika.

Usiku ule ule wa jua wakaleta blanketi, ni ngozi za ugruk zimeshonwa pamoja zina vishikio vya kamba pembeni, watu wanalizunguka wanalivuta kwa pamoja na anayesimama katikati anarushwa juu, wanasema wazee walikuwa wakirusha mtu aone mbali kama kuna wanyama. Mke wa nahodha, mama wa makamo, alirushwa mpaka nikaona buti zake juu ya vichwa vya watu wote huku anamwaga peremende na watoto wanazigombania. Mie nilivuta blanketi. Mikono iliniuma siku mbili. Halafu ngoma mpaka alfajiri isiyojulikana.

Sasa ya kujiandaa. Kamera: hapa nilikosea na nataka usikosee. Siku ya kwanza nilitoa simu nikaanza kurekodi kina mama wanakata nyama, yule dada wa kazini akaja taratibu akaushusha mkono wangu. Mwaka 2017 kijana wa miaka 16 wa kijiji cha Gambell alimpata nyangumi, picha ikaenda mitandaoni, akapokea matusi na vitisho vya kuuawa toka kwa watu ambao hawajawahi kuona kijiji chake, mtoto akashindwa hata kwenda skuli vizuri. Kwa hivyo uliza kila mtu, kila mara, na damu usipige picha kabisa.

Neno Eskimo utalisikia kwa wazee wenyewe, lakini wewe sema Iñupiat. Pombe usibebe, mji hauuzi pombe na kuwa nayo kuna kibali chake. Kutembea peke yako pwani kuelekea ncha ya kaskazini usithubutu, dubu weupe wapo kweli, mabaki ya nyangumi wanayapeleka mbali huko makusudi ili dubu wasije mjini. Kitu cha nyangumi au pembe ya wanyama wa baharini usinunue ukidhani utapeleka Dar au Mombasa, kutoka nacho nje ya Marekani kuna sheria kali, utanyang'anywa na kupata kesi. Mafungu yangu ya maktak mie niliyaacha kwenye ghala la bibi.

Nguo: buti zisizopitisha maji, jaketi la upepo juu ya sweta mbili, glavu, na kitambaa cha macho cha kulalia kwa ajili ya jua. Zawadi wapelekee matunda mabichi, machungwa, maembe ukipata, kule yana thamani kuliko nguo. Mie nilipeleka deli la matunda na pakiti ya karafuu za Pemba, bibi akazinusa akauliza zinaota wapi, nikamwambia mtini, juu, tunapanda kuchuma na mikono inabaki rangi. Akatia mbili kwenye chai.

Na tarehe: Nalukataq haina tarehe ya kudumu. Kila chombo kilichopata nyangumi kinapanga siku yake ndani ya Juni, na kisipopata hakuna sherehe yake. Kwa hiyo usikate tiketi ya Juni kabla ya Mei kwisha. Ukishajua likizo yako inaanza lini niandikie, nitamuuliza dada yangu msimu umekwendaje na kama kwa bibi kuna nafasi ya kulala, ila jua mapema kuwa ukilala kwake asubuhi utaosha masufuria.